Kupokonya au Kujivua? Vitenzi vya Mikataba ya Kimataifa na Uondoaji wa Silaha za Nyuklia

Utangulizi

Katika taarifa za habari za Kiswahili, redioni na magazetini, istilahi inayosikika sana pindi yanapotajwa majaribio ya kuumaliza umiliki wa mabomu ya nyuklia ni 'upokonyaji wa silaha'. Istilahi hii imezoeleka kiasi kwamba ni nadra kusikia ikihojiwa. Makala haya yananuia kuihoji. Hoja yetu ni kwamba kitenzi 'kupokonya' kinampa msikilizaji picha isiyooana na yale ambayo mikataba ya kimataifa imefanya tangu mwaka 1968. Hakuna dola hata moja iliyowahi kupokonywa bomu la nyuklia na mkataba. Zile zilizoachana na mabomu zilijivua zenyewe; kazi ya mkataba ilikuwa kuhesabu, kushuhudia na kumzuia aliyejivua asijivike tena. Mahali mkataba ulipofanya kazi hiyo vizuri, silaha zilipungua. Mahali ulipoifanya vibaya, kosa mara nyingi linaonekana katika kitenzi chenyewe.

Huenda msomaji akauliza mwanafunzi wa fasihi anatafuta nini katika mambo ya makombora. Jibu la kwanza ni kwamba mkataba ni matini, na matini ndiyo shamba letu. Jibu la pili linatuhusu kama Wakenya. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 2(6), inasema kwamba mkataba wowote ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria za Kenya. Kifungu cha 7 cha Katiba hiyo hiyo kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kenya imeridhia Mkataba wa Kutoeneza Silaha za Nyuklia wa mwaka 1968 pamoja na Mkataba wa Pelindaba unaoifanya Afrika kuwa eneo lisilo na silaha hizo. Matini rasmi za mkataba wa kwanza ni za Kiingereza, Kirusi, Kifaransa, Kihispania na Kichina. Za mkataba wa pili ni za Kiarabu, Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Hizi ni sheria zetu, na hazimo katika lugha yetu. Atakayezitafsiri ndiye atakayeamua mwananchi aelewe nini, na ndiyo maana uteuzi wa kitenzi kimoja si jambo dogo.

Mzigo wa neno 'kupokonya'

Katika mazungumzo ya kila siku, kupokonya ni kunyang'anya kwa nguvu. Kijana humpokonya abiria simu kupitia dirisha la matatu. Mwewe humpokonya mtoto kipande cha nyama. Katika habari za humu nchini, neno hili limehusishwa kwa miaka mingi na operesheni za serikali za kutwaa bunduki haramu katika maeneo ya wafugaji kama Pokot Magharibi, Turkana na Baringo. Hapo linafaa kabisa: yupo mtenda mwenye nguvu, yupo mtendwa asiyetaka, na kipo kitu kinachohama kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Tukilihamishia neno hili katika uhusiano wa mataifa, picha inavurugika. Ni nani mwenye nguvu za kuipokonya Marekani au Urusi? Nomino 'upokonyaji' ina hila nyingine pia, kwani imemficha mtenda. Msikilizaji anaambiwa mazungumzo ya upokonyaji yanaendelea Geneva, naye hudhani kwamba yuko mpokonyaji fulani aliyeketi huko, pengine Umoja wa Mataifa, anayesubiri ruhusa tu ili aanze kazi. Hayuko.

Ninachokubali ni kwamba upo mfano mmoja unaokaribiana na upokonyaji halisi. Baada ya vita vya Ghuba, Baraza la Usalama lilipitisha azimio nambari 687 mwezi Aprili 1991, likailazimisha Iraq kukabidhi na kuharibu vifaa vya mipango yake ya silaha za maangamizi. Lakini lile lilikuwa azimio juu ya nchi iliyoshindwa vitani, halikuwa mkataba baina ya walio sawa. Na Iraq ilikuwa na mpango wa kuunda bomu, haikuwa na bomu lenyewe. Mfano huu unathibitisha kwamba neno 'kupokonya' lina mahali pake, na mahali hapo ni nje ya mikataba.

Kitenzi cha kifungu cha sita

Mkataba wa Kutoeneza Silaha za Nyuklia uliwekwa wazi ili utiwe sahihi tarehe 1 Julai 1968, ukaanza kutumika tarehe 5 Machi 1970. Una makundi mawili ya wahusika. Kundi la kwanza ni nchi zilizokuwa zimetengeneza na kulipua bomu kabla ya tarehe 1 Januari 1967, yaani Marekani, Muungano wa Kisovieti (ambao nafasi yake ilichukuliwa na Urusi), Uingereza, Ufaransa na China. Kundi la pili ni wengine wote. Tarehe tu ndiyo inayowatenga wenye ruhusa na wasio na ruhusa.

Hebu tutazame vitenzi walivyopewa. Katika kifungu cha pili, nchi zisizo na mabomu zinaahidi kutopokea silaha hizo, kutozitengeneza, na kutotafuta wala kupokea msaada wa kuzitengeneza. Vitenzi vyote vimebeba kiambishi cha ukanushi -to-, na kila kimoja ni cha tendo linaloweza kuchunguzwa. Kifungu cha tatu kinawaleta wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki ili kuhakikisha kwamba kutofanya ni kutofanya kweli.

Kifungu cha sita ndicho kinachozungumzia kuondoa silaha zilizokwisha kuwapo. Hapa sarufi inabadilika ghafla. Wahusika hawaahidi kuondoa. Wanaahidi kuendeleza majadiliano, kwa nia njema, juu ya hatua zinazofaa zinazohusu kukomesha mapema mashindano ya silaha na kuziondoa silaha za nyuklia. Msomaji na ahesabu umbali kati ya kitenzi na silaha: kuna ahadi, kisha kuendeleza, kisha majadiliano, kisha hatua, kisha 'zinazohusu', na hapo ndipo tunapoifikia silaha. Neno 'mapema' nalo halina tarehe. Wahenga walisema ahadi ni deni, lakini mkopeshaji wa deni hili hakuandikiwa kiasi wala siku ya kulipwa. Ni 'mapema' ya fundi cherehani anayekuahidi nguo ya Idi.

Si kwamba wanasheria hawakuliona pengo hili. Tarehe 8 Julai 1996, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni ya ushauri kuhusu uhalali wa silaha za nyuklia, na majaji wote kwa kauli moja wakasema kwamba upo wajibu wa kuendeleza majadiliano hayo kwa nia njema na pia kuyafikisha mwisho. Kitenzi cha pili, kufikisha, ndicho kilichokuwa kikikosekana. Katika mkutano wa mapitio wa mwaka 2000, dola tano zenye mabomu zilikubali ahadi isiyo na utata ya kuziangamiza kabisa silaha zao, tena bila ya kutaja siku. Mwaka 2014, Visiwa vya Marshall, ambako Marekani ilifanya majaribio 67 ya nyuklia kati ya 1946 na 1958, vilikwenda katika Mahakama hiyo kudai deni. Kesi dhidi ya Uingereza, India na Pakistan zilisikilizwa. Mwezi Oktoba 2016 zikatupwa kwa sababu kwamba hapakuwa na mgogoro uliothibitika baina ya wahusika kabla ya kesi kufunguliwa. Katika kesi ya Uingereza kura zilikuwa nane kwa nane, na kura ya turufu ya rais wa Mahakama ndiyo iliyoamua. Mikutano ya mapitio ya mwaka 2015 na 2022 ilimalizika bila waraka wa makubaliano.

Ni haki kuongeza kwamba vile vitenzi vya -to- vimezaa matunda. Karibu mataifa yote ya dunia ni wanachama wa mkataba huu, na waliojiunga bila mabomu wengi wao hawajayatafuta. India, Pakistan na Israel hazikujiunga kamwe. Korea Kaskazini ilijiunga, kisha mwezi Januari 2003 ikatangaza kujitoa kwa kutumia kifungu cha kumi, kinachoruhusu kuondoka kwa ilani ya miezi mitatu. Ikalipua bomu lake la kwanza la majaribio mwezi Oktoba 2006. Mkataba uliokuwa hodari wa kuzuia ulikuwa na mlango wa nyuma, nao haukuwa na kufuli.

Mikataba inayohesabu

Tofauti ya kisarufi inaonekana wazi tunapoutazama mkataba uliotiwa sahihi na Ronald Reagan na Mikhail Gorbachev mjini Washington tarehe 8 Desemba 1987. Kitenzi chake kikuu ni kuteketeza. Shamirisho yake ni makombora yanayorushwa kutoka nchi kavu na kufika umbali wa kati ya kilomita 500 na 5,500. Muda wake ni miaka mitatu. Mashahidi wake ni wakaguzi wa kila upande waliokaribishwa katika viwanda na kambi za upande wa pili. Kufikia mwaka 1991, makombora 2,692 yalikuwa yameteketezwa, 1,846 ya Kisovieti na 846 ya Kimarekani. Hakuna aliyempokonya mwenzake. Kila mmoja alichoma vya kwake huku mwenzake akitazama.

Hata hivyo, mwanafunzi wa sarufi hana budi kuuliza swali la shamirisho: ni nini hasa kilichoteketezwa? Ni makombora na mitambo ya kuyarushia. Kiini cha kichwa cha nyuklia kiliruhusiwa kutolewa na kuhifadhiwa na mwenyewe. Mkataba uliopewa jina la New START, uliotiwa sahihi mjini Prague mwezi Aprili 2010, uliweka kikomo cha vichwa 1,550 kwa kila upande, lakini vilivyohesabiwa ni vile vilivyotegwa tayari kutumika, si vilivyomo ghalani. Tukisahau jambo hili tutadhani kwamba namba katika mkataba ndiyo namba ya mabomu yote.

Pamoja na dosari hizo, mabomu ya dunia yaliyokadiriwa kuwa takriban 70,000 katikati ya miaka ya themanini yamepungua hadi kiasi cha 12,000, na sehemu kubwa ya upungufu huo ilitokea katika kipindi cha mikataba ya kuhesabu. Kwa bahati mbaya, mikataba hiyo imekuwa ikivunjika mmoja baada ya mwingine. Ule wa 1987 ulikufa mwezi Agosti 2019 Marekani ilipojitoa ikiishutumu Urusi kwa kuukiuka. New START ulirefushwa mara moja tu, kama ulivyoruhusu wenyewe, hadi tarehe 5 Februari 2026, na hata kabla ya siku hiyo Urusi ilikuwa imesitisha ushiriki wake mwezi Februari 2023. Aliyejivua anaweza kujivika. Nyoka hujivua gamba lake huku jipya limekwisha kuota chini.

Hakikisho au dhamana?

Kwa wanafunzi wa tafsiri, hakuna somo zito kuliko la Ukraine. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, vichwa vya nyuklia vya masafa marefu vipatavyo 1,900 vilibaki katika ardhi ya Ukraine, ingawa uwezo wa kuamuru vitumiwe ulikuwa Moscow. Ukraine ilikubali kuviachilia. Tarehe 5 Desemba 1994 mjini Budapest ilikabidhi hati za kujiunga na Mkataba wa Kutoeneza, na siku hiyo hiyo Urusi, Marekani na Uingereza zikatia sahihi pamoja nayo waraka wa kuahidi kuheshimu mipaka yake. Vichwa vya mwisho viliondoka mwaka 1996.

Waraka huo uliandikwa kwa Kiingereza, Kirusi na Kiukraine, na matini zote tatu zikatajwa kuwa na nguvu sawa. Lakini matini ya Kiingereza ilitumia neno lenye maana ya hakikisho, yaani kauli ya kumtuliza mtu moyo. Matini za Kirusi na Kiukraine zilitumia neno lenye maana ya dhamana. Yeyote aliyewahi kumtolea ndugu yake dhamana mahakamani anaijua tofauti. Hakikisho ni maneno; dhamana ni mali unayoiweka mezani, na ukikosea inachukuliwa. Wanadiplomasia wa Marekani walilichagua neno hafifu kwa makusudi, kwa kuwa hawakutaka kujifunga kupigana vita kwa ajili ya Ukraine. Mwaka 2014 Urusi iliitwaa Krimea, na mwezi Februari 2022 ikaivamia Ukraine kwa majeshi. Mjadala juu ya neno hilo moja ungali unaendelea, na waliojivua kokote duniani wanaufuatilia.

Afrika Kusini na maneno ya Pelindaba

Bara letu lina kisa chake. Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza karibu na Reggane, katika jangwa la Algeria, tarehe 13 Februari 1960, na kufikia mwaka 1966 ilikuwa imefanya majaribio 17 nchini humo. Mwezi Julai 1964, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliokutana Cairo walitangaza kwamba Afrika isiwe na silaha hizo. Tamko lile lilingoja zaidi ya miaka thelathini kuwa mkataba. Sababu kubwa ilikuwa Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, ambayo kwa siri iliunda mabomu sita na kuanza la saba.

Mabomu hayo yalibomolewa na waliokuwa wameyaunda. F. W. de Klerk alitoa amri hiyo baada ya kuingia madarakani mwaka 1989, nchi ikajiunga na Mkataba wa Kutoeneza mwezi Julai 1991, na tarehe 24 Machi 1993 akalieleza bunge hadharani. Wapo wanaosema kwamba sababu ilikuwa kumalizika kwa vita vya Angola na kuondoka kwa majeshi ya Cuba. Wapo wanaosema kwamba utawala ule haukutaka kuwarithisha wazalendo weusi silaha hiyo. Huenda zote mbili ni kweli. Linalotuhusu ni mfuatano wa matendo: kujivua kulitangulia, mkataba ukafuata. Wakaguzi walizipitia kumbukumbu na vifaa hadi wakaridhika kwamba hakuna kilichofichwa. Bila mkataba, ulimwengu ungebaki na neno la de Klerk tu.

Mkataba wa Afrika ulikamilishwa mwaka 1995, ukatiwa sahihi Cairo tarehe 11 Aprili 1996, na ukapewa jina la Pelindaba, mahali karibu na Pretoria palipo na kituo cha utafiti wa nyuklia. Jina hilo hufasiriwa kutokana na Kizulu kuwa 'maneno yamekwisha'. Jirani yake ni Valindaba, ambako urani ya mabomu ilirutubishwa, jina linalofasiriwa kuwa 'funga maneno'. Mshairi asingeweza kuyapanga vizuri zaidi: urani ya bomu ilirutubishwa penye kufunga maneno, na amani ikaitwa kumalizika kwake.

Vitenzi vya Pelindaba ni vikali kuliko vya mwaka 1968. Wahusika wanaahidi hata kutofanya utafiti wa kuunda bomu, jambo ambalo Mkataba wa Kutoeneza haukulitaja. Kinakatazwa kitendo cha kushambulia vinu vya nyuklia, na kinakatazwa kitendo cha kumwaga taka za nyuklia barani. Kifungu cha sita chake, tofauti na kile cha sita tulichokwisha kukijadili, kinamtaka aliye na bomu alitangaze, alibomoe na aiteketeze au aigeuze mitambo yake, mbele ya wakaguzi. Mkataba ulihitaji uridhiwe na nchi 28, na ya ishirini na nane ilikuwa Burundi. Ukaanza kutumika tarehe 15 Julai 2009. Dosari yake iko katika ramani. Kisiwa cha Diego Garcia, penye kambi ya kijeshi ya Marekani, kimo ndani ya mstari, lakini kimewekewa maelezo kwamba kuonyeshwa kwake hakuathiri suala la umiliki. Uingereza na Marekani zilitangaza kwamba mkataba haukihusu. Aidha, Marekani ilitia sahihi itifaki zake mwaka 1996 na haijaziridhia.

Kupiga marufuku

Tarehe 7 Julai 2017, nchi 122 zilipitisha katika Umoja wa Mataifa Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia. Uholanzi peke yake ilipinga. Singapore haikupiga kura upande wowote. Ulianza kutumika tarehe 22 Januari 2021. Umekataza kumiliki, kutumia na hata kutishia kutumia, na unamruhusu mwenye silaha kujivua kwanza ndipo ajiunge, kama ilivyofanya Afrika Kusini, au kujiunga kwanza akiwa na ratiba ya kujivua. Hakuna dola yenye bomu iliyojiunga. Wanaoudharau husema kwamba ni sheria ya watembea kwa miguu dhidi ya wenye magari. Mimi naona thamani yake iko katika kulifanya bomu kuwa aibu, maana mtu hujivua haraka zaidi vazi linalomwaibisha. (Tarehe 7 Julai ndiyo pia Siku ya Kiswahili Duniani, ni sadfa, ila ni sadfa inayofaa kutumiwa darasani.)

Mintarafu ya tafsiri

Umoja wa Afrika ulikipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwezi Februari 2022. Hivyo tafsiri rasmi ya Mkataba wa Pelindaba ni kazi inayoweza kudaiwa, na idara zetu za Kiswahili zinaweza kuianza bila kungoja kuombwa. Haja ipo. Wakazi wa Uyombo, Kilifi, walipolipinga pendekezo la kujengewa kinu cha umeme wa nyuklia, mjadala ulitumia neno hilo moja 'nyuklia' kwa kinu na kwa bomu, na kila upande ukaogopa au kutetea kitu tofauti.

Pendekezo letu ni kwamba 'upokonyaji' ubakizwe kwa hali kama ya Iraq. 'Upunguzaji' utumiwe kwa mikataba ya kuhesabu. 'Uteketezaji' kwa tendo lenyewe la kuharibu. Na 'kujivua silaha' kwa lengo ambalo dola inajiwekea kwa hiari. Kiambishi -ji- kinamtaja mtenda ambaye 'upokonyaji' ulimficha, na msikilizaji akiambiwa kwamba Urusi na Marekani zimekataa kujivua, atajua wa kuulizwa ni nani. Yapo yatakayotusumbua. Kifungu cha nne cha Pelindaba kinakataza silaha za wengine kuwekwa katika ardhi ya mwanachama, lakini kinamwachia kila mwanachama uamuzi kuhusu meli na ndege za kigeni zinazomtembelea. Tukitumia 'kuweka', meli ya kivita iliyotia nanga Kilindini kwa wiki tatu imeweka au imetembelea? Matini ya Kiingereza haikutoa idadi ya siku, na mtafsiri hana ruhusa ya kuiongeza.